Saspensheni iliyoliwa na kutu: amua cha kukata kabla hujashika spana

Kubadilisha amu ya chini, ule mkono unaounganisha gurudumu na chini ya gari, kwenye gari lisilo na kutu ni kazi ya saa mbili. Kazi hiyohiyo kwenye gari lililokaa miaka kumi karibu na bahari, au lililotoka nchi ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, inaweza kula siku mbili nzima, na ikaisha kwa spea ambazo hukuwa umepanga kununua. Nguvu za mikono hazibadilishi sana hesabu hiyo. Kinachoibadilisha ni maamuzi unayofanya kabla ya kugusa nati ya kwanza.

Wanaoumia zaidi ni wale wanaotaka kuokoa kila kitu. Wanahangaika saa tatu na bolti ambayo ingekatwa kwa dakika kumi, wanachoka, hasira zinapanda, wanavuta bomba refu zaidi, kisha kinachovunjika ni nako, kile kipande kizito kinachobeba habu ya gurudumu. Hapo bolti moja imekwisha kuwa nako, beringi na safari ya kwenda kupima magurudumu, na gari limekaa juu ya stendi wiki nzima likisubiri spea.

Kwa hiyo gawa vitu mafungu mawili tangu mwanzo. Fungu la kutupa: bolti, nati, linki za stabilaiza (vifimbo vya ile fimbo inayozuia gari kulala upande), tairodi endi (ncha ya fimbo ya usukani), boljointi (kiungo cha tufe kati ya amu na nako), bushi (raba inayoshika amu) na shokapu iliyokwisha. Fungu la kulinda: nako, sabfremu (fremu ndogo chini ya gari inayobeba amu), mabano yaliyochomelewa kwenye bodi, waya wa sensa ya ABS, mpira wa breki na eksili inayozungusha gurudumu. Kila unapokwama, ukatili wote uende kwenye fungu la kwanza. Ikiwa pigo au moto unaotaka kutumia utafika kwenye fungu la pili, simama na utafute njia nyingine, isipokuwa pale nitakapotaja hapa chini.

Inafaa pia kuelewa kutu yenyewe inafanya nini, maana ukielewa unaacha kupambana nayo vibaya. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ikijizalia ndani ya uwazi mdogo kati ya bolti na tundu lake, hukosa pa kwenda, basi hubana kama kabari. Bolti yako haijagundishwa, imekabwa. Ndiyo sababu mtikisiko, joto na oili ya kupenya husaidia, ilhali kuvuta kwa nguvu moja isiyobadilika mara nyingi humaliza kwa kukata bolti. Kwenye nako za alumini kuna tatizo jingine: chuma na alumini vikikutana na maji ya chumvi hufanya kazi kama betri ndogo, alumini ndiyo inayolika, na unaona unga mweupe badala ya wekundu. Unga ule hubana vilevile, na alumini inayoubeba ni laini na hupasuka.

Kazi huanza siku mbili kabla. Inua gari, toa gurudumu, chukua brashi ya waya na usugue kila ncha ya bolti inayojitokeza nje ya nati. Watu wengi huruka hatua hii wakamwaga oili juu ya tope na magamba ya kutu, na oili haifiki popote. Pia nati itapita juu ya thredi hizo ikitoka. Zikiwa na uchafu, inaweza kulegea vizuri kisha ikakaba katikati ya njia. Baada ya kusugua, tia oili ya kupenya kwenye kila maungio: upande wa nati, upande wa kichwa, na pale bolti inapoingia kwenye bushi. Rudia asubuhi na jioni kwa siku mbili. Kama gari bado ni salama kuendeshwa, liendeshe kati ya vipindi hivyo, kwa sababu mtikisiko wa barabara huivuta oili ndani kuliko kuliacha limesimama. Ila hakikisha hakuna tone lililofika kwenye diski au pedi za breki.

Mafundi wengi huchanganya nusu ya oili ya gia otomatiki na nusu ya asetoni, na mchanganyiko huo hufanya kazi nzuri. Vitu viwili hivi havipendani, hujitenga, hivyo utikise chupa kila unapotaka kutia. Asetoni hushika moto upesi na hula rangi. Kama umepanga kutumia moto baadaye, iache ikauke kabisa, na chupa yake iwe mbali.

Siku hizo mbili zitumie pia kununua. Usinunue amu peke yake, nunua na bolti zake na nati zake mpya, na linki za stabilaiza za pande zote mbili. Soma kichwa cha bolti: ukikuta 8.8 au 10.9 hiyo ni daraja ya nguvu. Namba ya kwanza huonyesha nguvu ya kuvutwa, 8 ni megapaskali 800 na 10 ni 1000. Ya pili huonyesha bolti itaanza kurefuka bila kujirudi ikifika sehemu gani ya nguvu hiyo, asilimia 80 au 90. Bolti ya amu ikiwa 10.9, irudishiwe 10.9. Kuna wanaoweka bolti za chuma kisichoshika kutu wakidhani wamemaliza tatizo milele, lakini ile inayouzwa sana, A2-70, ina megapaskali 700 tu. Inang'aa, na kwenye saspensheni haifai.

Kabla ya kushusha gari siku hiyo ya ukaguzi, bonyeza kwa bisibisi sehemu zile za kuwekea jeki. Gari ambalo bolti zake zimeoza huwa na kingo zilizooza pia, na pahali palipooza panaweza kuzama polepole huku wewe ukiwa chini. Kama bisibisi inaingia, tafuta sehemu nyingine imara kwenye chesisi au sabfremu. Kisha, gari likiwa chini kwa magurudumu yake, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake, uandike namba hiyo. Utaihitaji mwishoni, na bila hiyo bushi mpya zitaharibika mapema.

Siku ya kazi, gari likae juu ya stendi, gurudumu ulilotoa lilazwe chini ya ubavu wa gari kama kinga ya mwisho. Vaa miwani ya kazi tangu mwanzo. Magamba ya kutu huanguka moja kwa moja machoni unapolala chali, na gamba la kutu jichoni si jambo la kupangusa na kuendelea, ni la kwenda hospitali.

Tumia soketi za pembe sita. Za pembe kumi na mbili hushika nati kwenye ncha tu, na nati iliyoliwa na kutu tayari imepungua ukubwa, hivyo huvuliwa pembe mara moja. Kama soketi ya 17 inacheza juu ya nati, sugua nati hadi chuma, kisha gonga soketi ya 16 kwa nyundo hadi iingie. Jaribu la kwanza liwe la kukaza, kidogo tu, kiasi cha kusikia imesogea. Kukaza huvunja gamba la kutu kwa upande ambao thredi hazijabanwa sana. Halafu legeza. Ikisogea robo mzunguko, usifurahi ukaendelea moja kwa moja: rudisha nyuma nusu ya ulichopata, tia oili, legeza tena. Nenda na kurudi hivyo hadi itoke. Kutu iliyosagika hujikusanya mbele ya thredi, na ukilazimisha upande mmoja tu hugeuka kuwa kabari mpya.

Mkono ujifunze tofauti ya hisia mbili. Nati inayoachia hutoa mlio mkavu, tak, halafu inazunguka kwa ugumu ulio sawasawa. Bolti inayokatika haitoi mlio mwanzoni. Spana inasogea laini, kama unavuta mpira, na ugumu hauongezeki ijapokuwa umezidisha nguvu. Hapo chuma kinajisokota. Ukiacha dakika ileile bado una bolti nzima na nafasi ya kutumia moto. Ukiongeza nusu mzunguko una kisiki.

Hesabu ndogo inasaidia kujizuia. Bolti ya M12 ya daraja 10.9 hukazwa kwa takriban 120 Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Ukichomeka bomba la mita moja kwenye spana ukaning'iniza uzito wa kilo 50, umeweka karibu 490 Nm, mara nne ya ile nguvu. Hakuna M12 inayovumilia hivyo. M8 ya daraja 8.8 hukazwa kwa takriban 25 Nm, na hiyo unaweza kuikata kwa spana fupi ya kawaida. Mashine ya kugonga, impakti, ni bora kuliko bomba refu kwenye bolti za M12 na kuendelea, kwa sababu mapigo yake hutikisa kutu huku yakizungusha. Kwenye M8 na M10 iwe kwa vipindi vifupi vya sekunde mbili tatu.

Sasa tuende kipande kwa kipande, kwa utaratibu ninaoupendekeza.

Anza na linki ya stabilaiza, kwa sababu ikibaki inazuia amu kushuka. Nati yake ikianza kuzunguka, shina la ndani lenye tufe huzunguka nayo. Kwenye ncha ya shina kuna tundu la alenki, kwa kawaida 5 au 6 mm, au torksi (la umbo la nyota), na tundu hilo limejaa kutu. Lichokonoe kwa msumari hadi chini kabisa kabla ya kugonga alenki ndani. Kama linki unabadilisha, usipoteze hata dakika tano na alenki: kata nati kwa grainda kutoka ubavuni, ipasue, imekwisha. Funika mpira wa breki na waya wa ABS kwa kipande cha bati wakati cheche zinaruka.

Tairodi endi hufuata. Kabla ya kulegeza nati ya kufungia, ile inayobana tairodi endi kwenye fimbo yake, weka alama ya rangi na upime thredi zilizobaki nje. Ukiwa unaifungua, hesabu mizunguko na uiandike. Kwenye thredi ya M14 x 1.5, mzunguko mmoja ni milimita 1.5 ya urefu, na hiyo inatosha kuvuta gurudumu upande na kula tairi. Thredi ikiwa imekaba, joto liende kwenye tairodi endi, kipande cha nje unachotupa, na fimbo ya ndani ibaki baridi.

Shina la tairodi endi limekaa kwenye nako kwa umbo la tepa, nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, na linajibana lenyewe. Kosa la kawaida ni kupiga ncha ya shina kwa nyundo. Ncha inapanuka kama uyoga, nati haitoki tena, na tepa haijasogea hata kidogo. Legeza nati iache thredi chache ndani, kisha piga ubavu wa nako, pale tundu lilipo, kwa pigo kali la nyundo ya kilo moja na nusu au mbili. Pigo hilo hulibadilisha umbo tundu kwa nukta ndogo ya wakati, na tepa hudondoka. Ukiwa na puli, kifaa cha kuvuta shina litoke, ikaze kwanza hadi iwe imevuta sana, ndipo upige ubavuni. Uma wa kupigilia kati ya nako na tairodi endi hufanya kazi pia, lakini huchana kava la raba, basi utumike kwa kitu cha kutupa tu. Nako ikiwa ya alumini, tumia puli peke yake, nyundo iweke chini.

Boljointi ya chini yenye bolti ya kubana ndiyo inayoleta machozi, na hapa nitakaa kidogo. Kwenye mpangilio huu, shina la boljointi linaingia kwenye tundu la nako lililo na mpasuo, na bolti moja inapita kwa upande kubana mpasuo huo. Bolti hiyo hupita ndani ya kijia kilichochongwa kwenye shina. Kuilegeza hakutoshi, lazima itoke yote. Na ni mahali ambapo maji huingia kupitia mpasuo yakakaa. Kichwa kinazunguka, katikati imeganda, na bolti inakatika usawa wa nako.

Toa nati kwanza kama ipo, tia oili kupitia mpasuo na pande zote mbili, kisha jaribu kuzungusha bolti mahali pake, nyuzi kumi kwenda na kumi kurudi, bila kujaribu kuitoa. Ikianza kuzunguka, umeshinda; endelea na oili hadi izunguke yote, ndipo uirudishie nati ya zamani hadi ilingane na ncha, na ugonge juu ya nati. Usigonge thredi zikiwa wazi. Isipozunguka, pasha moto nako kuizunguka bolti, ikiwa ni ya chuma na boljointi ni ya kutupa.

Shina lenyewe likikataa kutoka baada ya bolti kuondoka, panua mpasuo kwa kugonga tindo pana taratibu, kiasi cha milimita moja tu, kisha shusha amu kwa mtaimbo. Nako za alumini usizipanue kwa tindo. Hupasuka bila onyo, na mpasuko unaweza kuwa mdogo usiouona hadi gari liko barabarani.

Bolti mbili zinazobana shokapu kwenye nako mara nyingi ni nene na hutoka bila vita kubwa, kwa masharti mawili. Kwenye baadhi ya magari zina meno chini ya kichwa yaliyokula ndani ya bano. Zuia kichwa, zungusha nati, kisha gonga bolti itoke. Na kama moja ina kichwa chenye duara lisilo sawa, hiyo hurekebisha mlalo wa gurudumu: piga alama yake ilipo kabla ya kuigusa. Kabla hujaachia nako, funga kaliper (kishikio cha pedi za breki) kwa waya kwenye springi isining'inie kwa mpira wa breki, na usiiache nako ianguke nje, maana eksili inaweza kuchomoka kwenye jointi yake ya ndani. Nati ya katikati juu ya shokapu isiguswe kabisa hadi springi iwe imebanwa na vibano vyake. Nati ile ndiyo inayozuia nguvu yote ya springi, na springi iliyoachiwa imeshaua watu.

Tunafika kwenye bolti ya amu. Bolti hii inapita ndani ya bomba dogo la chuma lililo katikati ya bushi. Bolti na bomba hilo hushikana kwa urefu wote, labda sentimita sita au saba za kutu. Unatoa nati vizuri, unazungusha kichwa, kinazunguka kidogo, halafu ukiachia spana inarudi yenyewe. Hiyo ni raba ya bushi inajisokota na kujirudisha. Unaweza kuzungusha hivyo mchana kutwa. Bolti na bomba vinazunguka pamoja na hakuna kinachoachana.

Jaribu hili kwa dakika ishirini zisizozidi: rudisha nati ilingane na ncha, mtu mwingine azungushe kichwa kwenda na kurudi huku wewe unagonga juu ya nati kwa nyundo nzito. Kama hakuna hata milimita mbili zilizotoka, kata. Weka msumeno wa umeme wa kwenda na kurudi, wenye blade ya chuma, kwenye uwazi mwembamba kati ya bushi na bano, kata bolti upande mmoja, kisha upande wa pili. Unakata bolti pamoja na ukingo wa bomba la bushi, na amu inadondoka na kipande cha katikati ndani yake. Bolti za 10.9 ni ngumu: mwendo wa polepole, oili ya kukatia, na blade mbili au tatu mpya kwa kila bolti ni hesabu ya kweli. Grainda hukata haraka zaidi, ila mara nyingi haiingii hapo bila kulichana bano, na bano liko kwenye fungu la kulinda.

Kabla ya hayo yote, chungulia nati ya upande wa pili. Kwenye magari mengi nati imechomelewa ndani ya sabfremu, mahali usipoweza kuifikia. Ukitumia nguvu nyingi, ule uchomeleaji unaachia na nati inazunguka ndani kama kokoto kwenye debe. Hapo dawa ni kukata dirisha dogo kwenye sabfremu, kuishika nati, kisha kulichomelea tena na kulipaka rangi. Kwa bolti ya namna hii moto hutangulia nguvu.

Moto basi. Lengo lake ni kupanua kipande cha nje kuliko cha ndani. Nati yenye tundu la milimita 14 ikiongezeka joto kwa nyuzi 300 za Selsiasi, tundu hupanuka kwa takriban 0.05 mm. Inaonekana si kitu, lakini kutu ni ungaunga na nafasi hiyo inautosha kuvunjika. Elekeza moto kwenye nati, bolti isipashwe, na ufanye haraka ili joto lisisambae. Sekunde 30 hadi 60 kwa gesi kali, kisha jaribu palepale. Isipoachia, iache ipoe hadi iweze kuyeyusha mshumaa bila kutoa moshi mwingi, gusisha mshumaa kwenye thredi, na nta itafyonzwa ndani. Rudia mara tatu. Mara ya tatu ndiyo mara nyingi huleta matokeo, kwa hiyo usikate tamaa mara ya kwanza.

Mwiko wa moto ni huu. Usipashe shokapu, ina gesi iliyobanwa na oili na inaweza kulipuka. Usikaribie tangi, paipu za mafuta wala mpira wa breki. Usitumie dawa ya kusafishia breki yenye klorini kwenye chuma kitakachopashwa au kuchomelewa, kwa sababu hutoa fosjini, gesi ya sumu inayoua. Alumini haibadiliki rangi inapozidi joto, hivyo hutajua umeiharibu. Bolti iliyopashwa moto haitumiki tena, hata ikitoka nzima na kuonekana nzuri. Kifaa cha kupasha kwa sumaku ya umeme hakina mwali na ndicho salama zaidi karibu na raba. Ukiweza kukiazima, kiazime. Kizima moto kiwe mkononi, maana lami inayopakwa chini ya gari huwaka polepole na huonekana kuzimika kabla haijazimika.

Ikitokea bolti imekatika, njia bora ni kuchomelea nati juu ya kisiki: nati kubwa kidogo, jaza katikati kwa welding, subiri wekundu uondoke, kisha zungusha. Joto la kuchomelea lenyewe hulegeza. Tenganisha betri kwanza. Ikishindikana, toboa. Piga senta panchi katikati kabisa, na ukikosea katikati kwa milimita moja utakula thredi upande mmoja. Anza na biti ya 3 au 4 mm ya kobalti, mwendo wa polepole, oili, kandamiza kwa nguvu. Ukisikia biti inapiga kelele bila kutoa unyuzi wa chuma, acha, unaifanya bolti iwe ngumu zaidi. Panda hadi 6, kisha 8. Kikomo kisizidi tundu la kukatia thredi: 6.8 mm kwa M8 x 1.25, 8.5 kwa M10 x 1.5, 10.8 kwa M12 x 1.25. Vile vichomozi vya kupigilia na kuzungusha, vinavyouzwa kwa seti, sivipendi kwa bolti zilizokabwa na kutu. Ni vya chuma kigumu sana, na kimoja kikikatikia ndani hakitoboleki kwa drili ya kawaida.

Kufunga kuna makosa yake, na huonekana miezi baadaye. Sugua matundu yote hadi chuma king'ae. Tepa za boljointi na tairodi endi ziwe kavu na safi, bila grisi. Paka dawa ya kuzuia kushikana kwenye mwili wa bolti pale inapopita ndani ya bomba la bushi, pahali palipokutesa. Thredi ziache kavu kama maelezo ya gari yanataka toki (nguvu ya kukazia) kavu, kwa sababu grisi hupunguza msuguano na toki ileile huinyoosha bolti kupita kiasi. Dawa yenye shaba usiiweke kwenye alumini. Tafuta isiyo na shaba. Bushi mpya iingizwe kwa maji ya sabuni, si kwa oili, maana oili hulainisha na kuozesha raba. Nati zenye plastiki ndani hutumika mara moja.

Bolti za bushi zikazwe mwisho, na zikazwe gari likiwa kwenye urefu wake wa kusimama. Hapa ndipo namba uliyoandika inatumika: inua amu kwa jeki hadi kipimo cha kutoka katikati ya habu hadi madigadi kilingane, ndipo ukaze kwa spana ya toki. Ukikaza amu ikiwa imening'inia, bushi itaishi imejisokota muda wote gari linapotembea, na raba itachanika mapema sana. Wengi hulaumu spea feki wakati kosa lilikuwa la kukaza.

Ukimaliza, paka nta au grisi nene kwenye thredi zilizobaki nje na juu ya nati. Endesha polepole hadi kwa wapimaji wa magurudumu, usisubiri wiki. Baada ya kilomita 100 hivi, rudi chini na spana ya toki upitie kila nati uliyoigusa, ukianza na boljointi.